Matao ya Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama yangu ilikuwa na umri gani? Nimesoma historia ya usanifu wa majengo chuo kikuu, nikaifundisha kwa muda, na ninaweza kusimama mbele ya jengo la mawe katika pwani yetu nikakisia karne yake bila kuona haya. Swali hilo moja sijalijibu, na kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sitalijibu.

Lilinijia tena juzi sokoni Garissa. Ilikuwa imenyesha kidogo, mvua ile ya kwanza inayoinua vumbi badala ya kulilaza, na mama mmoja muuza maziwa alikuwa amefunika madumu yake kwa kipande cha mkeka wa magome. Mkeka ulikuwa umelowa. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya moshi wa mgunga, samli, ubani na mgongo wa ngamia, yote kwa pamoja, nami nikasimama katikati ya watu kama niliyeitwa kwa jina ambalo wengi walioliita hawapo tena. Nilimwuliza bei ya mkeka. Akacheka. “Huo si wa kuuza, abaayo,” akasema, akiniita dada kwa Kisomali, “huo ni kifuniko tu. Nunua maziwa.” Nikanunua maziwa, nikayanywa nimesimama, huku nikinusa.

Wa rika langu waliozaliwa kati ya Garissa na Modogashe hawahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Nyumba ya Hooyo, ndivyo tulivyomwita mama, ilikuwa ya matao. Mzizi wa mgunga ulichimbwa ungali mbichi, ukapashwa moto kwenye jivu, ukakunjwa taratibu na kufungwa kwa kamba za ngozi mpaka ukasahau kwamba uliwahi kunyooka. Matao yalichomekwa ardhini kiasi cha kujishikiza tu, yakafungwa pamoja yakawa kuba, na juu yake ikatandazwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za magome. Tao la mlangoni alilipokea kwa mama yake, ambaye sijui alilipokea kwa nani. Matao ya nyuma aliyachimba yeye mwenyewe katika ukame uliotangulia kuzaliwa kwangu. Mikeka ilisukwa upya mmoja mmoja kadiri ilivyochakaa, kwa hiyo haikuwapo siku ambayo nyumba yote ilikuwa mpya, wala siku ambayo yote ilikuwa kuukuu.

Chuoni mwalimu alituchorea mstari mrefu ubaoni: nguzo za Wayunani, matao ya Warumi, kuba za misikiti ya Waturuki, makanisa ya Ulaya yaliyochongoka kama sindano, kisha majumba ya mawe ya pwani yetu. Chini ya kila jengo palikuwa na tarehe. Nilijaribu kuiweka nyumba ya Hooyo katika mstari ule, kalamu ikabaki hewani. Si kwamba ilikosa mtindo. Ilikuwa na tao, ilikuwa na kuba, tena ilikuwa na kipimo. Chumba cha Lamu ni chembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko. Nyumba yetu nayo ilikuwa na ukubwa wake kwa sababu mgongo wa ngamia una kiasi chake. Kilichokosekana ni mwanzo.

Na ilikuwa yake. Hili nataka lieleweke mapema, maana bila hilo ninayoyasimulia hayana uzito. Kwetu mjenzi ni mwanamke, na mwenye nyumba ni mwanamke. Bibi harusi huingia katika ndoa na nyumba aliyotengenezewa na mama yake na shangazi zake. Wakikosana, anayetoka nje ni mume. Wakiachana, mke huipakia nyumba juu ya ngamia akaenda zake, na mwanamume hubaki amesimama mahali palipokuwa na kivuli.

Nilikuwa bado sijaota meno ya pili vita vilipotufikia. Serikali mpya ilikuwa imepandisha bendera yake. Wengi wetu tulitaka bendera nyingine, iliyokuwa ng'ambo ya mpaka. Vijana wakaingia msituni na bunduki, redio ikawaita shifta, yaani majambazi, na baada ya muda neno hilo likatuenea sote, wachungaji na watoto. Baba yangu hakuyaona hayo; homa ilikuwa imemchukua kabla. Nyumbani tulikuwa wanne: Hooyo, dada yangu mkubwa Dahabo, mimi, na Eeddo Shamsa, shangazi yetu kwa upande wa baba, mwanamke mrefu mwenye ulimi ambao hata mbuzi waliuheshimu.

Askari walikuja malishoni wakatuamuru tuhamie kijiji kimoja nje ya mji wa Garissa, kilichozungushiwa miiba na waya, ili atakayebaki msituni awe adui bila ya shaka. Tulikuwa na ngamia wawili wa mizigo. Mmoja alibeba nyumba yetu. Wa pili alibeba rundo la Dahabo: matao na mikeka ambayo Hooyo alikuwa ameikusanya kidogo kidogo kwa ajili ya siku ya dada yangu kuolewa. Huyo wa pili aligoma kuinuka. Walimpiga risasi hapo hapo alipopiga magoti, kisha wakauchoma mzigo usije ukawafaa waliomo msituni. Hooyo hakulia. Alitazama mpaka moto ulipotulia, akasema, “Ilikuwa mizizi mizuri,” akashika kamba ya ngamia aliyebaki.

Kijijini nyumba zilipangwa kwa uzi uliovutwa, safu baada ya safu. Hooyo alikuwa na desturi ya kuupa upepo mgongo wa nyumba; pale tuliamriwa milango yote itazame barabara, ili anayepita na bunduki aone ndani. Tukala vumbi. Amri nyingine ilikuwa kali zaidi: nyumba isishushwe. Aliyeshusha nyumba alihesabiwa kuwa anataka kutoroka, na tuliwaona watu wa safu ya mbele wakichukuliwa kwa sababu hiyo, wakapandishwa lori na wasirudi.

Karibu na lango walikuwa wakijenga ofisi ya mawe. Asubuhi moja nikawakuta wanaume wakichimba shimo refu, jembamba, lenye kona. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona ardhi ikichimbwa sana kwa mambo mawili tu, kisima na kaburi. Kisima ni duara. Kwa hiyo nilijua. Nilikimbia hadi kwa Eeddo Shamsa, nikamnong'oneza kwamba wanatuchimbia kaburi, moja la wote, na kwamba kona ni ya kutenganisha wanaume na wanawake.

Katika miaka mingine angenicheka. Mwaka ule hakucheka. Alijifunga shuka, akanishika mkono, tukaenda hadi ukingoni mwa shimo. Ndani yake alikuwamo fundi mwashi, Bakari, mtu wa Lamu mwenye ndevu zilizojaa saruji.

“Nani kafa?” Eeddo aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

“Hajafa mtu, mama. Huu msingi.”

“Msingi nini?”

“Miguu ya nyumba. Nyumba usipoizika miguu, itaanguka.”

Eeddo aliutazama ule mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho. “Sisi hatuziki nyumba. Na haianguki.”

“Haianguki kwa sababu inakimbia,” Bakari akajibu, na wenzake wakaangua kicheko. “Kitu kinachokimbia kitaanguka saa ngapi?”

“Na wewe unalala ndani ya hii yako?”

“Mimi? Mimi nalala kwenye hema, mama.”

“Bole sana, fundi,” Eeddo akasema, kwa huruma ambayo sikujua kama ni ya kweli. Njiani akanifinya sikio, si kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimepata jibu langu. Kwa muda mrefu baadaye niliamini kwamba nyumba za mawe ni nyumba zilizokufa zikiwa zimesimama, ndiyo maana zinazikwa nusu, na sikuwahi kuwaonea wivu waliokaa ndani yake.

Kisha ikafika habari ya Yusuf. Yeye na Dahabo walikuwa wamechumbiana tangu kabla ya vita. Alikuwa akifanya kazi katika malori ya mjomba wake Modogashe. Siku hizo malori yalitembea kwa msafara, yakilindwa na askari, na Yusuf alikuwa amepata kibali cha kuja na msafara unaofuata, aoe, kisha aondoke na mkewe malori yatakaporudi. Hapakuwa na aliyejua kama kibali kingine kingepatikana. Furaha ya Dahabo niliiona usoni mwake, nikaona pia ilivyokatika alipogeuka kumtazama mama. Bibi harusi hakuwa na nyumba.

Hooyo alikwenda langoni kwa sajini aliyesimamia walinzi wa kijiji, nami nikashikilia pindo la guo lake. Sajini alitoka milima ya magharibi. Aliwahi kunipa sukari kiganjani, na sijaweza kumchukia kwa ukamilifu.

“Sajini, sisi wanawake taenda msituni, chimba mizizi, rudi kabla ya jua kushuka.”

“Mizizi ya nini? Dawa?”

“Ya nyumba. Binti anaolewa.”

Alicheka kwanza, kisha akaacha alipoona Hooyo hacheki. “Mama, msitu umefungwa. Atakayeonekana kule anapigwa, awe mwanamke, awe mwanamume. Kapikie wageni chakula kizuri, inatosha. Sitaki kuja kukuzika.”

Alikuwa anasema kweli, na Hooyo alijua. Tukarudi nyumbani. Aliyekataa kukubali ni Eeddo, aliyekwenda kwa Bakari na kurudi na vipande vya nondo za chuma. Bakari mwenyewe alivikunja kwa kuvizungushia pipa, vikawa matao mazuri kuliko yetu, yanayofanana kama mapacha. Tuliyachomeka, tukatandika mkeka. Kufikia adhuhuri chuma kilikuwa kimepata moto wa kuchoma kiganja, na upepo ulipovuma nyumba yote ililia.

“Fundi,” Eeddo akamwitia kule ukutani, “umenipa sufuria nimwoze mtoto ndani yake?”

Dahabo alicheka mpaka akalia, na kulia kwake hakukuisha kicheko kilipoisha. Nondo zikarudishwa kwa mwenyewe.

Msafara ulifika. Yusuf alishuka akiwa mweupe kwa vumbi hadi kope, kijana mpole, mwenye mikono ya mafuta ya gari. Ndoa ilifungwa baada ya swala ya alasiri, ami yetu mmoja wa safu nyingine akisimama badala ya baba, na watu wakanywa chai ya maziwa ya kopo. Wazee walipotawanyika Yusuf alikuja kuchutama mbele ya Hooyo, akainamisha kichwa kama ilivyostahili.

“Hooyo, nimesikia habari ya ule mzigo. Usijisumbue. Kuna chumba Modogashe, nyuma ya duka la mjomba. Kina bati, kina mlango wa mbao, kina kufuli.”

“Mashallah,” Hooyo akasema. “Na ufunguo?”

“Ufunguo ninao mimi,” akajibu kwa fahari isiyo na ubaya wowote, akaugusa mfuko wake wa shati.

Hooyo alikiweka kikombe chake chini. Nakumbuka nzi walivyotembea kwenye ukingo wa kikombe. “Mwanangu,” akasema hatimaye, “mke wako atakuwa nyumbani kwake kesho asubuhi. Leo kalale na madereva. Kesho uje umbishie hodi.”

Yusuf alipokwenda, Eeddo alimshika Hooyo kiwiko. “Nyumbani kwake wapi? Umemwahidi mtu nyumba ipi?”

Hooyo aliingia ndani, akalala chali, mikono chini ya kisogo, akaangalia juu. Mwanga wa jioni ulipenya kwenye mikeka kwa vitone vidogo, ukalala juu ya matao, na macho yake yakapita toka tao moja hadi jingine, taratibu, kama anayewasalimu watu wa ukoo mmoja kwa zamu. Tulikaa kumzunguka. Sikujua anafanya nini, nilidhani anaumwa. Leo najua, kwa sababu nimewaona wasanifu wakitazama jengo kwa namna ile ile kabla ya kushika kalamu. Alikuwa anapima.

“Nitaigawa,” akasema. “Nusu yake itapanda lori pamoja na Dahabo.”

Dahabo akasimama. “Hapana, Hooyo. Mimi nitakaa kwenye bati. Wanawake wa mjini wanakaa.”

“Wakae, Mungu awabariki. Siku mumeo akikasirika, nani atalala nje?”

“Yusuf si mtu wa kukasirika.”

“Baba yako naye hakuwa. Lakini alipokasirika, alilala na ngamia, na asubuhi akaja kuomba chai.”

“Na wewe utakaa wapi? Na huyu mdogo?”

“Mimi ni mjane, na huyu ni mfupi. Tunahitaji kivuli cha kukalia, si cha kusimamia.”

“Na mimi je?” Eeddo akauliza. “Mimi si mfupi.”

“Wewe utajifunza kuinama, Shamsa. Umekataa umri wako wote.”

Tukacheka, hata Dahabo. Ni Eeddo aliyeacha wa kwanza, akateremsha sauti akamkumbusha watu wa safu ya mbele na lori lililowachukua. Nyumba isishushwe, amri haikutaja harusi. Nilimwangalia Hooyo nikitumaini atasema kwamba hilo halituhusu sisi.

“Tutaishusha mchana kweupe,” akasema, “mbele ya macho yao, na tutaimba. Anayetoroka haimbi.”

Asubuhi, jua lilipokuwa limetoka kabisa na barabara imejaa askari wa zamu, Hooyo alifungua fundo la kwanza. Wanawake wa safu yetu walikuwa wamekuja bila kuitwa mara mbili, wamejifunga shuka viunoni. Eeddo akaanza wimbo wa kujengea, ule unaosifu mikono ya mama wa bibi harusi na kuwatania wakwe, wengine wakaupokea, na mkeka wa kwanza ukashuka. Nilikuwa ndani. Mbingu iliingia ghafla juu ya kitanda chetu, kubwa, nami nikajifunika macho.

Sajini alikuja mbio, askari wawili nyuma yake. “Mama! Mama, unakwenda wapi?”

Hooyo hakugeuka mpaka alipomaliza kufungua kamba aliyoishika. “Siendi. Hii nyumba yangu. Mimi najenga, mimi nafunja.”

“Unajua amri.”

“Amri inasema watu wasihame. Simama hapo. Tazama kama tutahama.”

Mmoja wa wale askari tayari alikuwa ameshusha bunduki kutoka begani. Wimbo haukukoma, ila ulipungua. Nilibaki namsikia Eeddo peke yake, sauti yake ndefu kama alivyokuwa mwenyewe, akimtania mkwe ambaye ngamia wake ni wa chuma na hunywa mafuta. Sajini alitazama mikeka chini, akamtazama Dahabo mwenye hina mikononi. Akamwambia yule askari airudishe bunduki begani. Hakuondoka. Alivuta jiwe moja la ofisi yao, akalikalia barabarani, na asubuhi ile yote alikaa akitutazama, mwanzoni kwa shaka, mwishoni kwa udadisi wa mtu ambaye hajawahi kuona nyumba ikizaa.

Kwa maana ndivyo ilivyokuwa. Hooyo aliyalaza matao yote mchangani, akayapitia kwa kiganja. Yaliyo imara alimpa Dahabo. Yenye nyufa alijiwekea, akayafunga nyufa kwa ngozi mbichi. Mikeka mipya kwa Dahabo. Mikuukuu aliikunja mara mbili, akaishonea pande zenye matundu kwa haraka na kwa mishono mikubwa, akisema atairekebisha akipata nafasi. Ya Dahabo ilisimama kwanza. Haikuwa ndogo. Wanawake walirudisha wimbo wao kwa nguvu zote, na Bakari akashuka ukutani kuja kuitazama, akaizunguka, akasukuma tao moja kwa dole gumba, likamrudishia mkono.

Yetu ilisimama baadaye kando yake, fupi, nene, kama mbuzi aliyejikunyata. Eeddo Shamsa aliingia kwa magoti huku akimlaani shetani.

Yusuf alikuja amevaa shati jeupe, nywele zikimetameta kwa mafuta. Alizitazama nyumba mbili mahali alipoacha moja, akamtazama Hooyo aliyekuwa anakung'uta mchanga mikononi, na nadhani alielewa sehemu yake, kwa sababu hakusema kitu kuhusu bati. Alisogea hadi mlangoni mwa nyumba ya Dahabo, akasimama nje ya pazia.

“Assalamu alaykum.”

“Wa alaykum salaam,” sauti ya dada yangu ikatoka ndani. “Nani?”

Wanawake wakaiziba midomo kwa pindo za shuka zao.

“Mimi. Yusuf.”

“Ngoja kwanza,” Dahabo akasema. “Natandika.”

Akangoja. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na hakuna mwanamke hata mmoja kati yetu aliyemwonyesha kivuli.